Barua ya wazi kwa wanaogawa kazi ya unukuzi wa kitabibu Mwanza: mstari mnaotulipa una herufi ngapi?

Kwa wakurugenzi na mameneja wa kampuni, pamoja na mawakala, wanaopokea kazi ya unukuzi wa kitabibu kutoka nje ya nchi na kuigawa kwa wachapaji wa Mwanza.

Nakala: Ofisi ya Kazi, Mkoa wa Mwanza; wajumbe wa bodi ya kima cha chini cha mshahara, sekta binafsi.

Waheshimiwa,

Ninaandika kuhusu bei ya mstari. Ninyi mnaijua kazi hii, lakini barua ya wazi husomwa na wengi, na wapo ambao hawajawahi kuisikia, kwa hiyo mniruhusu niieleze kwanza. Daktari wa Marekani akishamwona mgonjwa huzungumza kwenye simu au kinasa sauti: mgonjwa ana umri gani, amekuja akilalamika nini, moyo unasikikaje, vipimo vimeonyesha nini, ameandikiwa dawa gani na kwa kiasi gani. Sauti hiyo inasafiri kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta ya kijana wa Nyegezi, Igoma au Buzuruga. Kijana anavaa hedifoni, anaweka mguu kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, na anaigeuza kuwa ripoti itakayoingia kwenye faili la mgonjwa yule. Daktari mwingine ataisoma na kuamua tiba kwa kuitegemea. Halafu kijana analipwa kwa idadi ya mistari aliyochapa.

Mikataba niliyoiona, ukiwamo wangu, inataja bei ya mstari kwa shilingi au kwa senti za dola. Haina sentensi hata moja inayosema mstari huo una ukubwa gani. Hilo ndilo jambo langu kubwa katika barua hii. Bei ya mstari ambao haujapimwa si bei, kwa sababu upande mmoja unaweza kuipunguza wakati wowote bila kugusa namba iliyoandikwa kwenye mkataba.

Mtu asiyejua atasema mstari ni mstari, si huo unaouona kwenye ukurasa? Hapana. Ongeza ukubwa wa maandishi na ripoti ya mistari 30 inakuwa ya mistari 40, yapunguze na mistari inapungua. Ndiyo maana huko kazi inakotoka walishahama zamani kwenye kuhesabu mistari kwa macho wakaanza kuhesabu herufi. Kipimo kilichozoeleka Marekani ni herufi 65 kwa mstari, nafasi kati ya maneno zikiwa ndani ya hesabu. Namba hiyo ni ya enzi za taipureta: karatasi yao ina upana wa inchi 8.5, ukiacha pambizo ya inchi moja kila upande unabaki na inchi 6.5, na taipureta ya kawaida iligonga herufi 10 kwa kila inchi. Mwaka 2007 vyama viwili vya huko, AHIMA cha wataalamu wa taarifa za afya na MTIA cha kampuni za unukuzi, vilipendekeza njia nyingine: zihesabiwe herufi na alama zinazoonekana kwa macho peke yake, nafasi ziachwe. Sababu yao ilikuwa nzuri. Kitu kinachoonekana kwenye karatasi, yeyote anaweza kukihesabu upya, mlipaji na mlipwaji, na wote wakapata jibu moja.

Sina ugomvi na kipimo chochote kati ya hivyo viwili. Ugomvi wangu ni pale kipimo kinapobadilishwa na bei ikaachwa palepale.

Chukueni sentensi hii: "Mgonjwa alipewa dawa ya shinikizo la damu asubuhi na jioni." Ihesabuni pamoja na nafasi na nukta ya mwisho, mtapata 59. Ondoeni nafasi, zinabaki 50. Sasa fikirieni mchapaji aliyemaliza mistari 1,000 kwa kipimo cha herufi 65 na nafasi zake. Kama ripoti zake zina mwendo wa sentensi hiyo, ukizihesabu upya bila nafasi, kwa mstari uleule wa 65, atabaki na mistari isiyofika 850. Mistari mia na hamsini imetoweka. Vidole vyake viligonga vitufe vilevile, na kitufe cha nafasi kikiwamo, na daktari alisema maneno yaleyale. Kilichobadilika ni alama ya tiki ndani ya mipangilio ya programu ya kuhesabia, ambayo sisi hatuna ruhusa ya kuifungua.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Wakulima wetu wamelia miaka na miaka juu ya lumbesa, gunia linaloongezewa juu mpaka linabeba zaidi ya ujazo wake huku mnunuzi akilipa bei ya gunia moja. Serikali iliipiga marufuku, na Wakala wa Vipimo wanapita masokoni na mizani. Mstari usiopimwa ni lumbesa ya mchapaji. Mkulima angalau analiona gunia lake limevimba, na mizani ikija inamtetea. Sisi tunaletewa namba moja mwisho wa mwezi, mistari jumla, mara bei, basi.

Kuna na mengine madogo ambayo yakijumlishwa si madogo. Vichwa vya ripoti vinahesabiwa? Jina la hospitali linalojitokeza juu ya kila ukurasa je? Kuna madaktari wanaosema tu "weka uchunguzi wangu wa kawaida" na mchapaji anaingiza aya nzima iliyoandaliwa tayari. Mimi ninakubali kabisa kwamba aya ya kuingiza kwa amri moja isilipwe sawa na aya iliyochapwa neno kwa neno. Lakini isilipwe sifuri, kwa sababu lazima isomwe. Daktari anaweza kusema uchunguzi wa kawaida halafu dakika moja baadaye akataja uvimbe kwenye goti la kushoto, na aya ya kawaida inasema magoti yote hayana tatizo. Anayeligundua hilo ni mchapaji. Pangeni bei ya aya hizo mnayoiona inafaa, muiandike, tuione kabla ya kusaini.

Sasa nije kwenye kinachouma zaidi, nacho ni kuhariri.

Kazi nyingi siku hizi haiji tena kama sauti tupu. Sauti inapitishwa kwanza kwenye programu ya kutambua matamshi, programu inatoa rasimu, sisi tunasikiliza na kusahihisha. Bei ya mstari wa kuhariri hupangwa kuwa kama nusu ya bei ya mstari wa kuchapa. Hoja mnayotupa ni kwamba mashine imeshafanya sehemu kubwa, kwetu imebaki kupitia.

Nawaomba mkae na mhariri mmoja usiku mmoja, muangalie anafanya nini. Kuchapa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, na mtu mwenye vidole vyepesi hujifunza kwa muda mfupi. Kazi yenyewe ni kusikiliza. Mhariri anasikiliza sauti yote kama mchapaji anavyoisikiliza, na juu ya hapo anasoma maneno ambayo huenda si yale anayoyasikia. Masikio yanasema hivi, macho yanaona vile, na jicho lina tabia ya kuliamini neno lililokwisha kuandikwa.

Rasimu ya mashine ina hatari yake ya pekee. Mchapaji asiposikia neno anaacha pengo na kuweka alama, daktari anarudi na kulijaza. Programu haiachi pengo. Isiposikia vizuri inaweka neno, na linakuwa neno halisi, lenye herufi zote sawasawa, ambalo kikagua tahajia hakiwezi kulikamata. Hydralazine ni dawa ya kushusha shinikizo la damu. Hydroxyzine ni dawa ya mzio na kuwashwa. Daktari akizungumza kwa kasi akiwa na barakoa mdomoni, majina hayo yanakaribiana mno, na programu itachagua mojawapo bila kusita. Kumi na tano na hamsini kwa matamshi ya Kiingereza zinatofautiana kwenye mkia wa neno tu, na mkia huo ndio unaomezwa kwanza. Neno dogo la kukanusha likidondoka, au likiingia mahali pasipo pake, mgonjwa asiye na maumivu ya kifua anakuwa nayo, na mwenye mzio wa penisilini anakuwa hana. Anayekaa katikati ya kosa hilo na kitanda cha mgonjwa ni mhariri anayelipwa nusu.

Nina rekodi moja siwezi kuisahau. Daktari anataja orodha ya dawa huku anatembea. Kengele ya lifti inalia, mtu anamsalimia, anaitikia, wanaulizana habari za watoto, kisha anarudi kwenye dawa ya nne kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu ilikuwa imeyaandika mazungumzo yote, katikati ya orodha, kama sehemu ya ripoti. Jina la mtoto wa mtu lilikuwa limekaa kati ya dawa mbili za moyo. Nilirudisha sauti mara kadhaa ili nijue dawa inaanzia wapi na salamu zinaishia wapi, nikafuta aya nzima. Malipo huhesabiwa kwenye maandishi ya mwisho. Aya niliyoifuta, ambayo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya ripoti ile, kwa hesabu yenu haikuwa kazi.

Mfano mwingine ni mdogo zaidi, na kwangu ndio unaoonyesha vizuri ubovu wa mpango huu. Tume ya Pamoja inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, The Joint Commission, ilitoa mwaka 2004 orodha ya maandishi yasiyoruhusiwa kwenye kumbukumbu za mgonjwa. Miongoni mwake ni kuweka sifuri baada ya nukta ya desimali kwenye kipimo cha dawa. Usiandike 5.0, andika 5, kwa sababu nukta ikififia msomaji ataona 50 na mgonjwa atapewa mara kumi. Vilevile usiandike .5, andika 0.5. Rasimu ikija na 5.0, mhariri mwangalifu anafuta nukta na sifuri. Amemkinga mgonjwa na kipimo cha mara kumi. Na kwa kuwa amepunguza herufi mbili, ripoti yake imekuwa fupi zaidi na malipo yake yamepungua. Mpango wa malipo unaomlipa zaidi mtu anayeacha kosa kuliko anayelirekebisha una kasoro kwenye mzizi, hata kama kiasi chenyewe hakifiki shilingi moja.

Niwape hesabu ya mfano tu, namba hizi si za mkataba wa mtu yeyote. Tuseme mstari wa kuchapa ni shilingi 24 na wa kuhariri ni 12. Mchapaji mzoefu, sauti ikiwa safi, tuseme anatoa mistari 150 kwa saa. Hiyo ni shilingi 3,600. Mhariri ili afikie hapo lazima apitishe mistari 300 kwa saa ileile. Rasimu ikiwa safi sana huenda akafika 220, apate 2,640. Rasimu ikiwa chafu, daktari anayemeza maneno, kelele za wodi nyuma yake, atatoa 110, apate 1,320. Mtu yuleyule, ujuzi uleule, saa ileile ya usiku, na kipato kimeshuka mpaka karibu theluthi moja. Ongezeni na kwamba sauti safi hazigawanywi sawa. Si wachache kati ya madaktari wa Marekani waliozaliwa na kusomea nchi nyingine, na kila mmoja ana lafudhi ya kwao. Hilo si kosa lao wala letu. Ila mafaili ya daktari anayesikika vizuri yakiwa yanakwenda kwa watu walewale kila wiki, na mafaili mazito kwa watu walewale, basi mnazo bei mbili ingawa mkataba unataja moja. Sauti ngumu iwe na nyongeza yake, au mgawo uwe wa zamu unaoonekana na wote.

Usiku nao una gharama. Mwanza iko mbele ya New York kwa saa saba wakati wao wa kiangazi, saa nane wakati wa baridi. Kliniki ya huko ikifunga saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa sita au saa saba usiku, na hapo ndipo mafaili yanamiminika. Ripoti ya kawaida inatakiwa ndani ya saa 24, ya dharura ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo tunafanya kazi wakati mji umelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mfanyakazi wa usiku anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Sijaona mkataba wa mstari wenye nyongeza ya usiku.

Mkataba unatutaka pia tuwe na chumba chenye mlango unaofungwa, kompyuta isiyotumiwa na mtu mwingine, na intaneti isiyokatika. Masharti ya siri ni ya haki, nayaunga mkono kwa moyo wote. Marekani ina sheria yake ya mwaka 1996, HIPAA, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za ugonjwa wa mtu si za kusomwa na kila anayepita nyuma ya kiti. Lakini kijana anayelala chumba kimoja na wadogo zake wawili kule Mabatini, akiambiwa aweke chumba cha peke yake, ni kodi ya chumba cha pili. Juu yake kuna luku, kuna bando, kuna betri ya kumvusha umeme ukikatika katikati ya faili la dharura. Vyote vinatoka kwenye shilingi za mistari. Bei ikipangwa bila kuviweka vitu hivyo kwenye hesabu, maana yake mchapaji anaigharamia ofisi yenu.

Tunapouliza haya tunajibiwa kwamba sisi si wafanyakazi, ni wakandarasi huru, kila mtu na biashara yake. Naomba tusome sheria pamoja. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa jambo moja tu au zaidi kati ya haya lipo: namna yake ya kufanya kazi inasimamiwa na mtu mwingine, saa zake za kazi zinasimamiwa, yeye ni sehemu ya taasisi, amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chake kinamtegemea mtu huyo, amepewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au anamfanyia kazi mtu huyo peke yake. Moja tu linatosha kuanzia. Programu yenu inarekodi tumeingia saa ngapi na tumetoka saa ngapi. Mnatupangia zamu. Mmetupa mwongozo unaosema hata baada ya nukta tuweke nafasi ngapi. Mkataba unatukataza kuchukua kazi ya kampuni nyingine. Kumwita mtu mkandarasi huru hakumfanyi awe hivyo, sheria inaangalia anavyoishi na kazi yake.

Hapo ndipo makato yanapoingia. Wakaguzi wa ubora wanasoma sehemu ya ripoti zetu, na usahihi unaodaiwa ni asilimia 98 au zaidi. Kiwango hicho hakinitishi, kazi ya kitabibu inakistahili. Kinachonisumbua ni kukuta mwisho wa mwezi kiasi fulani kimeondolewa na maelezo yake ni neno moja: makosa. Kosa lipi, kwenye ripoti ipi, nani ameliona, sikuambiwa. Sheria hiyohiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini, kuhusu makato ya hasara au uharibifu, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi sababu kwa maandishi na nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira. Inataka pia malipo yaambatane na taarifa ya maandishi inayoyafafanua. Kwa mtu anayelipwa kwa mstari, taarifa isiyoonyesha mistari imehesabiwaje haifafanui chochote.

Kwenu wajumbe wa bodi ya kima cha chini, nina neno fupi. Jedwali la amri ya mshahara wa sekta binafsi lina kiwango cha saa, cha siku, cha wiki, cha wiki mbili na cha mwezi. Halina njia ya kumpima mtu anayelipwa kwa kipande cha kazi akiwa chumbani kwake. Vijana wa aina hiyo wanaongezeka, na si wachapaji wa ripoti za madaktari pekee. Wapo wanaoandika manukuu ya video, wapo wanaoweka alama kwenye picha za kufundishia mashine. Wekeni kanuni moja: bei yoyote ya kipande, ikigawanywa kwa saa ambazo mtu wa kawaida huzitumia, isishuke chini ya kiwango cha saa cha sekta yake. Hesabu hiyo ni rahisi kwa sababu programu za kampuni zinazo saa zote tayari.

Najua jibu litakalokuja. Mtasema wateja watahamia India au Ufilipino, ambako kazi hii ina wenyewe wa muda mrefu na walio wengi. Hofu hiyo ina msingi na siipuuzi, maana mteja akiondoka na mimi naondoka kwenye kiti. Ndiyo maana sijaomba tulipwe kama mchapaji wa Ohio. Ila angalieni ninachoomba kinagharimu nini. Kuandika kwenye mkataba kwamba mstari ni herufi 65 pamoja na nafasi hakumgharimu mteja hata senti. Kutumia kwetu kipimo kilekile kinachotumika kumtoza mteja hakumgharimu senti. Kutuonyesha hesabu ya kila ripoti, jioni ya siku tulipoimaliza, hakumgharimu senti, programu inaitoa kwa kubofya. Kwenye kuhariri ndiko kuna fedha ya kweli ya kuongea, na hapo natoa pendekezo: rasimu zenye marekebisho mengi zilipwe kwa bei ya kuchapa, zilizo safi zilipwe kwa bei ya kuhariri, na mpaka kati ya hizo mbili uwekwe kwa kulinganisha rasimu ya mwanzo na ripoti ya mwisho. Kompyuta inalinganisha maandishi mawili kwa sekunde chache. Hapo hata aya iliyofutwa itaonekana, na ile 5.0 iliyogeuzwa kuwa 5 nayo itaonekana.

Na mkitafuta kitu cha kumshindia mteja, kipo. Mji huu una Bugando, hospitali ya kanda tangu mwaka 1971, na chuo kikuu cha afya palepale mlimani. Miongoni mwa wachapaji wenu wapo wenye stashahada za utabibu na uuguzi ambao bado hawajapata ajira, watu wanaojua kwa nini dawa fulani haiwezi kukaa kwenye orodha moja na nyingine na wanaoinua mkono rasimu ikisema jambo lisiloingia akilini. Watu hao wanaondoka. Dada mmoja tuliyeanza naye, msikivu kuliko wengi wetu, sasa anauza kwenye duka la dawa pale Mkuyuni kwa sababu huko anajua mwezi utaisha na shilingi ngapi. Kila anapoondoka mmoja kama yeye, mnamfundisha mgeni kuanzia mwanzo, na ripoti za mgeni zinarudi kutoka kwa mteja.

Mikataba ya wengi wetu inafanywa upya kwa mzunguko ujao. Ninaomba kabla hatujasaini tukutane, ninyi na wachapaji, mbele ya afisa kazi wa mkoa. Tutakuja na kurasa za mfano zisizo na habari za mgonjwa yeyote. Zipitisheni kwenye programu yenu ya kuhesabia, na sisi tuzipitishe kwenye programu ya kawaida ya kuandikia, ambayo inaonyesha idadi ya herufi pamoja na nafasi na bila nafasi. Namba zikilingana, ziandikwe kwenye mkataba. Zisipolingana, tuambiwe mbele ya afisa huyo tofauti imetoka wapi na tangu lini, na mistari ya miezi iliyopita ihesabiwe upya na ilipwe.

Wenu katika kazi,

Mnukuzi wa kitabibu,
Buzuruga, Mwanza.